Maswali ya Wasomaji: Usiku wa furaha na siku za giza chuoni

SWALI: Nimetokea Morogoro, sasa nipo mwaka wa pili chuo kikuu Minnesota. Umoja wa wanafunzi weusi umenipa kazi ya kuandaa usiku wa furaha mwezi Februari, tutakuwa kama 40. Naona haya ni mambo ya Wamarekani weusi, si yangu. Tena muziki utamsaidia nini mtu aliyechoka?
*Mluguru wa Barafuni*

JIBU: Umoja huo ni wako pia. Wa kwanza kwa jina hilo, Black Student Union, uliundwa chuo cha San Francisco State, California, mwaka 1966, na mgomo walioufanya pamoja na wanafunzi wa asili nyingine, 1968 hadi 1969, ndio uliozaa kitivo kinachofundisha historia ya jamii zilizoachwa nje ya vitabu.

Kuhusu uchovu: mweusi aliye peke yake darasani hushinda akijichunga lafudhi, nywele, hata kicheko. Uchovu wa namna hiyo hauishi kwa kulala. Hupungua mtu akikaa na wenzake ambao hana haja ya kuwaeleza chochote. Kwa hiyo msifungue shughuli kwa mjadala wa ubaguzi, na mpiga picha wa chuo abaki nje. Kamera ikiingia, watu huanza kuigiza furaha.

Ombeni ukumbi wiki 4 kabla, wenye viti vya kuhamishika. Pilau ya watu 40 ni mchele kilo 4 na nyama kilo 4, lakini ulizeni kwanza kama chuo kinaruhusu chakula kilichopikwa nyumbani. Sufuria ikizuiwa mlangoni, shughuli imekufa.

Kisha Electric Slide, ule mchezo wa kusimama mistari. Ni mapigo 18: 4 kulia, 4 kushoto, 4 nyuma, 2 mbele, 2 nyuma, na 2 ya mwisho ukigeuka robo kushoto. Kwenye ile robo ndipo wageni hupigana vikumbo, maana aliyekuwa mbele yao wakimwiga sasa yuko ubavuni. Wapangeni wanaoujua pande zote nne, wasijazane mbele.

SWALI: Mwanangu yuko Ohio, Marekani, kwa viza ya F-1, ile ya wanafunzi. Wiki ya tatu sasa halali usingizi, chakula hali vizuri, vipindi anakosa, na anataka kuacha masomo mawili. Nimwambie atoke na wenzake achangamke?
*Mama wa Mombasa*

JIBU: Pole sana, mama. Kuchangamka hakutatosha hapa. Hali ikizidi wiki mbili mfululizo, aende kwa mshauri nasaha wa chuo. Mara nyingi huduma hiyo imeshalipiwa ndani ya ada. Mshauri hatakusimulia waliyozungumza bila ruhusa ya kijana, isipokuwa kuna hatari, basi usimshinikize.

Masomo asiyaguse bado. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza mwenye F-1 anatakiwa kubeba uniti (vipimo vya uzito wa masomo) zisizopungua 12 kwa muhula. Akishuka chini yake kabla ya kibali, anapoteza hadhi ya viza, na hapo ndipo wengi huponzwa na haraka. Utaratibu ni huu: apate barua ya daktari au mwanasaikolojia mwenye leseni, aipeleke ofisi ya wanafunzi wa kigeni, afisa wa hapo aidhinishe kwenye mfumo wa serikali wa wanafunzi wa kigeni, ndipo aache somo. Ruhusa ya ugonjwa haizidi miezi 12 kwa jumla katika ngazi moja ya masomo.

Muulize waziwazi kama anawaza kujiua. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo. Akisema ndiyo, apige au atume ujumbe 988, namba ya Marekani ya msaada kwa wanaowaza kujiua, saa hiyohiyo, iwe usiku au mchana, nawe ubaki naye kwenye simu nyingine.

Mpigie saa mbili usiku yako. Majira ya baridi kwake huwa saa sita mchana. Anza na alichokula. Habari za alama ziache.