Ukija Tanga kulima mkonge, usianze na panga

Wengi wanaonipigia simu kuhusu mkonge huanza na bei ya tani. Mdogo wangu, uliza kwanza korona iko wapi na foleni yake ikoje.

Korona ni ile mashine inayoparua jani zikabaki nyuzi tu, ndiyo singa. Jani la mkonge karibu lote ni maji na nyama. Katika kilo 100 unapata singa kilo 4 hivi. Unasomba mzigo mkubwa kwa ajili ya kitu kidogo, na mzigo wenyewe hausubiri. Ukishakata, siku ya pili jani linaanza kunyauka, nyama inagandia kwenye nyuzi, na hata likiparuliwa singa inatoka na madoa.

Mimi nililijua hilo kwa hasara. Mavuno yangu ya kwanza, nje kidogo ya Korogwe, nilikata siku 3 mfululizo kwa kutegemea ahadi ya trekta. Trekta lilipokuja, korona ilikuwa imesimama kwa kukosa maji (inakunywa maji hiyo, usiione hivi). Matita yakalala juani siku 5. Singa yangu ikapangwa daraja la UG, huko chini kabisa, na wakataji nilikwisha walipa. Siwalaumu, kazi yao walifanya.

Siku hizi nakata cha kusombwa leo na kesho tu.

Ukipata mkataji mzoefu, simama nyuma yake nusu siku umtazame. Ncha yenye mwiba anaitoa kwanza, kisha anakata karibu na shina, anafunga tita la majani 30 bila hata kuhesabu kwa sauti. Vaa mikono mirefu, maji ya mkonge yanawasha mpaka ujute. Na mkataji mgeni mzuie asikate kupanda juu sana: akiona majani mengi hunogewa, mmea ukabaki kama kichwa kilichonyolewa. Acha majani 20 na zaidi, la sivyo mkonge unadumaa.

Kwenye miche, maotea ya bure (machipukizi ya kando ya mmea) yananishinda. Bora vikonyo (vile vichipukizi vya kwenye mlingoti, shina refu la maua) vilivyolelewa kitaluni, vinakua kwa pamoja. Uliza pia ni mkonge gani. Chotara H.11648, iliyotoka kituo cha utafiti cha Mlingano pale Muheza, hutoa majani mengi zaidi kabla ya kurusha mlingoti na kufa kuliko ule wa zamani alioleta Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Ile miche yake iliyonusurika safari ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe, Pangani. Shamba langu dogo lina maelfu na bado nalalamika.

Halafu kuna njaa ya kungoja. Shemeji yangu wa Mkinga analima mwani, wiki 6 anavuna. Wewe utakaa miaka 3 hivi bila jani la kuuza. Mimi niliacha mita 4 kati ya mistari miwili miwili nikapanda mahindi na maharage humo, na mwaka wa pili maharage ndiyo yaliyolipa palizi.