Kabla hujalipia prosesa, tazama herufi ya mwisho

Prosesa yangu ya kwanza, yaani ubongo wa kompyuta, ilishuka stendi ya Kange hapa Tanga Jumamosi asubuhi, imetoka Kariakoo ndani ya boksi la biskuti pamoja na madabodi, ile bodi kuu ya kuichomekea. Kufika saa kumi jioni nilishaunga kila kitu, sakafuni kwangu huku Ngamiani. Nikawasha. Feni zikazunguka, taa zikawaka, skrini ikabaki nyeusi tii. Nikachomoa RAM, ile kumbukumbu ya muda ya mashine, nikaifuta, nikairudisha. Nikabadili waya. Nikamwita fundi simu wa jirani, naye akakuna kichwa. Wapi!

Kumbe ni herufi moja tu. Nilikuwa nimenunua Core i5-12400F ya Intel, na hiyo F maana yake prosesa haina grafiki ndani yake, yaani sehemu ya kupeleka picha kwenye skrini. Sharti uwe na kadi ya grafiki pembeni. Mimi kadi sina wala siihitaji, naandika programu za simu, sichezi gemu. Ile 12400 isiyo na F ingewaka palepale. Kwa AMD, mshindani wa Intel, mtego umegeuzwa: Ryzen 5 5600 haina grafiki, 5600G ndiyo inayo. Tanga tunasema waja leo waondoka leo. Yangu ilipanda basi Jumatatu kurudi ilikotoka, nikaongeza pesa kidogo, nikaletewa isiyo na F.

Mwanzoni roho yangu ilikuwa kwenye i7-12700K yenye kori 12, yaani vichwa 12 vya kufanya kazi kwa pamoja. Nashukuru mfuko ulikataa. Ikikazana, ile inaweza kula wati 190, wakati 12400 inaishia 117, na umeme wote huo unageuka joto chumbani mwako. Sasa fikiria bati, mwezi wa pili, kaskazi, shati limegandia mgongoni. Prosesa ikikaribia nyuzi joto 100 inajipunguzia kasi yenyewe, kwa hiyo ile kasi uliyoinunua kwa bei kubwa unaisoma kwenye boksi tu. Zenye K pia haziji na feni, unainunua peke yake. Na betri ya UPS ndogo, ile inayoshikilia mashine umeme ukikatika, inadumu zaidi na mashine isiyo na uchu.

Unataka kori ngapi, basi? Usiniulize mimi, iulize mashine unayotumia sasa. Anza kuijenga programu yako huku umefungua htop ya Linux, au Task Manager kama uko Windows, zinazoonyesha kori na RAM zinavyotumika, ukae uangalie. Kori zote zikijaa muda mwingi, kweli ongeza kori. Ikijaa moja na nyingine zimelala, tafuta yenye kori moja moja zenye kasi, wingi hautakusaidia. RAM ikijaa, prosesa haina kosa. Mimi ilikuwa hiyo ya tatu: Android Studio ninayoandikia programu, emuleta (simu ya kuigiza ndani ya kompyuta) na kivinjari cha vichupo thelathini (ndiyo, najua) vilimaliza GB 16 kabla sijanywa chai. Pesa iliyobaki kwa kuikosa i7 ikaingia kwenye RAM, sasa nina GB 32, na tofauti niliiona siku hiyohiyo.

Ukichukua AMD, halafu emuleta ikakataa kuwaka au ikajikokota kama konokono, usikimbilie Kange na boksi. Ingia kwenye BIOS, ile mipangilio ya madabodi kabla mashine haijawaka kabisa, tafuta panapoandikwa SVM, swichi inayoiruhusu prosesa kuendesha mashine ya kuigiza kama emuleta, uiwashe. Kwenye madabodi nyingi inakuja imezimwa.