Kabla ya kudai rangi za tishu, soma ripoti

Wengi wanaoniomba ushauri ni Waafrika Mashariki wenzangu hapa Marekani wanaosomea kazi ya bili za hospitali. Wakifika kwenye patholojia, yaani uchunguzi wa tishu maabara, huanza kukariri namba za misimbo. Namba utazikuta kwenye kitabu cha CPT (orodha ya misimbo ya huduma za tiba), ambacho AMA, chama cha madaktari wa Marekani, hukitoa kila mwaka. Mimi hushauri uanze na maswali mawili: daktari alikuwa akitafuta nini alipoagiza tishu ipakwe rangi fulani, na hapa tunahesabu bloku (kipande cha nta chenye tishu ndani) au sampuli nzima?

Swali la kwanza ndilo linaloamua msimbo. Chukua rangi iitwayo PAS. Ikipakwa kusaka fangasi, ni 88312, kundi la rangi za vijidudu, pamoja na GMS, rangi nyingine ya fangasi, na rangi ya bakteria wa kifua kikuu. PAS hiyo hiyo ikipakwa kwenye ini kutazama glaikojeni, yaani sukari iliyohifadhiwa, inahamia 88313, zilipo rangi za trikromu, retikulini na ya madini ya chuma. Ndiyo maana orodha ya rangi kutoka maabara hainitoshi kamwe, nataka ripoti.

Kuhesabu ndiko kunakowachanganya watu zaidi. 88312 na 88313 hudaiwa kwa kila rangi, kwenye kila bloku. Rangi za kingamwili, yaani IHC, huhesabiwa kwa sampuli: kingamwili ya kwanza ni 88342, na kila nyingine tofauti kwenye sampuli hiyo ni 88341. Tuseme sampuli moja ya tumbo imetengenezwa bloku mbili, na zote zimetafutwa H. pylori, bakteria wa tumboni. Kwa rangi ya Giemsa utadai 88312 mara mbili. Kwa kingamwili utadai 88342 mara moja tu, japo slaidi ni mbili. Urudie mfano huu mpaka ukuingie.

H&E, rangi ya kawaida ya kutazamia tishu, usiidai, imo tayari ndani ya 88305, msimbo wa uchunguzi wenyewe wa tishu. Slaidi za kulinganishia nazo hazidaiwi. ER, PR na HER2, vipimo vya kingamwili vya saratani ya matiti, daktari akizipima kiwango kwa macho, bila kompyuta, na kukiandika, kila moja ni 88360, wala usiongeze 88342 kwa kingamwili ile ile.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni sababu ya rangi. Medicare, bima ya serikali hasa kwa wazee, hailipi kisichohitajika kitabibu, na kupaka kila tumbo rangi ya H. pylori kabla daktari hajaangalia H&E ni kujitafutia ukaguzi. Tena mgonjwa ambaye bima yake haijaanza kulipa mwaka huo hutoa pesa hizo mfukoni mwake, na huyo ndiye ninayemfikiria. Zoea kuzungumza na madaktari wako: waandike jina la rangi, bloku, kilichosababisha waiagize na walichokiona. Ripoti ikikosa kimojawapo, irudishe kwa daktari aongeze maelezo mwenyewe, na dai lisubiri.