Uso wa Mfiwa: Barua kwa Mwanangu Aliye Osaka

Wete, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Barua yako nimeisoma mara mbili, na swali lako nimelala nalo. Unauliza kama wanaadamu wote wana hisia zile zile, kwa sababu mwenzako wa bwenini amefiwa na baba yake, akakupa habari hiyo huku akitabasamu, nawe ukaingiwa na shaka kwamba pengine huko Japani kifo hakiumi kama kinavyotuuma sisi.

Kinauma, mwanangu. Paul Ekman na Wallace Friesen, wataalamu wa Marekani, waliwaonesha wanafunzi wa Kijapani na wa Kimarekani filamu zenye mambo ya kuudhi, wakaripoti kwamba kila mtu alipokuwa peke yake nyuso zilikunjamana kwa namna moja, lakini mbele ya mtafiti Wajapani waliifunika karaha yao kwa tabasamu zaidi kuliko wenzao. Ekman huyo huyo, mwishoni mwa miaka ya 1960, alikwenda Papua New Guinea kwa Wafore, watu wa milimani huko, akawasimulia visa vifupi na kuwataka wachague picha ya uso uliolingana na kila kisa. Furaha waliitambua bila taabu, lakini hofu na mshangao walivichanganya. Tena mwaka 2016 ukachapishwa utafiti wa visiwa vya Trobriand, huko huko Papua New Guinea, ambako uso ule tuuitao wa mtu aliyeogopa, vijana wa huko waliusoma kuwa ni wa mtu anayetishia. Ndiyo maana mimi siuamini uso peke yake.

Alipofariki babu yako, bibi yako hakutoa chozi mbele ya watu. Wanawake walikuwa wakiingia kutoa pole, naye amekaa kwenye mkeka na ungo wa mchele mapajani. Nilimtazama akitoa chuya, akipeta, akimimina mchele kwenye sufuria, kisha akiurudisha mchele ule ule ungoni na kuanza upya, mara tatu, ilhali haukuwa na hata chuya moja. Jirani mmoja alinong'ona kwamba ana moyo mgumu. Maneno yale yaliniuma, na mpaka leo yananiuma, kwa sababu mikono ile niliiona kwa karibu. Bibi yako alijua kwamba machozi si haramu, kwani Mtume wetu (S.A.W.) alimlilia mwanawe Ibrahim, ila alikuwa na haya, na haya ndiyo aliyolelewa nayo tangu udogoni.

Hata maneno hayagawi hisia sawasawa. Nilipokuwa nakuzaa niliambiwa nina uchungu, na nilipofiwa na baba yangu niliambiwa nina uchungu, na dawa ya mwarobaini pia ina uchungu. Sidhani kama Kijapani kina neno moja la kuyabeba yote hayo, lakini mama wa Kijapani anazaa, na anazika.

Basi usimhukumu mwenzako kwa tabasamu lake. Mpikie chakula, umpelekee chumbani kwake, ukae naye bila ya haraka. Muulize baba yake alikuwa mtu wa namna gani, alipenda kula nini, alimwitaje. Akikaa kimya, nyamaza naye. Na mpe pole yangu, umwambie ni ya mama yako wa Pemba, kisha uniandikie ameipokeaje.

Wako akupendaye,
Mama