Kiingereza: lini herufi kubwa, lini ndogo?

SWALI: Ninaongoza watalii Kilimanjaro na ratiba zao naziandika mwenyewe kwa Kiingereza. Mgeni mmoja amenirudishia ratiba akiwa amezikata herufi kubwa kwenye "Mountain", "Guide" na "Gate", lakini "Mount" ameiacha. Kanuni ni ipi?
Mwongoza watalii, Moshi

JIBU: Mgeni wako yuko sahihi, ndugu. Nomino ya kawaida hutaja aina ya kitu, kama "mountain", "guide" au "gate". Nomino ya pekee hutaja kimoja kwa jina lake: "Mount Kilimanjaro", "Marangu Gate". "Mount" imepona kwa sababu ni sehemu ya jina. "Mountain" ilikuwa imesimama peke yake.

Angalia sentensi hii: "The Guide and Porters will meet you at the Gate and walk with you through the Forest to Mandara Hut." Hapo jina ni moja tu, Mandara Hut. Nomino nyingine zote zianze kwa herufi ndogo. Ukitaka lango lipate herufi kubwa, litaje: "at Marangu Gate". Hali kadhalika, "the summit" ni ndogo, "Uhuru Peak, 5,895 m" ni kubwa.

Kinachowaponza wengi ni "the". Wanadhani kwa kuwa msomaji anajua lango linalosemwa, basi "the gate" imeshakuwa jina. Haijawa. Na mbele ya majina yenyewe, "the" hutumika kwa mazoea: mlima mmoja na ziwa havina "the" ("Mount Meru", "Lake Duluti"), ila mto, bahari na safu ya milima vinayo ("the Pangani River", "the Indian Ocean", "the Usambara Mountains"). Usitafute sababu, kariri.

Kama unawahudumia Wajerumani pia, chunga: wao huanza kila nomino kwa herufi kubwa, hata ya mkate. Mazoea hayo yasihamie kwenye Kiingereza.

SWALI: Mwanangu wa darasa la tano amefundishwa kuwa nomino ya pekee haiwekewi "a" wala haina wingi. Mbona tunasoma "a Tanzanian" na "on Mondays"?
Mama, Sakina, Arusha

JIBU: Mama, kipimo hicho ni kizuri cha kuanzia: "a town" inakubali, "an Arusha" inakataa. Lakini hakifiki mbali. Kinakwama kwenye uraia ("a Tanzanian"), siku ("on Mondays"), magari ya kampuni fulani ("two Toyotas") na watu wa jina moja ("three Neemas in our class"). Yote haya hubaki na herufi kubwa.

Masomo ndiyo huwavuruga watoto zaidi. "History" na "mathematics", katikati ya sentensi, huanza kwa herufi ndogo. "English" na "Kiswahili" kwa kubwa kwa kuwa ni lugha. Anayeandika "I like History and english" amekosea mara mbili katika maneno matano.

Kwa ndugu na vyeo, mwambie ajaribu kuweka jina la mtu pale pale. "Yes, Mother" inakubali: "Yes, Neema". "My mother is here" inagoma, kwa hiyo "mother" ni ndogo. Ndivyo ilivyo "the president" na "President Nyerere".

Nyumbani mpe jozi aandike: town na Moshi, day na Friday, river na the Themi River. Kisha mpe "Goats eat grass near Arusha" azungushie nomino ya pekee. Akizungushia "Goats", ujue anawinda herufi kubwa badala ya kusoma maana. Herufi ile imekuja kwa sababu neno limeanza sentensi.

SWALI: Kibao cha saluni yangu kina herufi kubwa tupu. Ni kosa?
Mwenye saluni, Kijenge

JIBU: Hapana, kibao ni kibao. Kwenye vipeperushi ndipo uangalie: jina la saluni lianze kwa herufi kubwa, lakini "salon" katika "our salon opens at 8" ianze kwa ndogo.