Kongosho haioshwi kwa dripu

Swali: Shikamoo daktari. Kaka yangu ana miaka 43 na uzito wa kilo 70. Leo ni siku yake ya nne wodini kwa kuvimba ghafla kwa kongosho. Hanywi pombe; ultrasaundi imeonyesha vijiwe kwenye mfuko wa nyongo. Siku ya kwanza alitundikiwa maji mfululizo, lakini tangu jana wamepunguza dripu na kumwambia aanze kula. Kipimo cha ini, ALT, kilikuwa 310 alipofika. Leo ni 140. Miguu imevimba na usiku anahema. Shemeji yetu, ambaye hutibu watu majumbani, anasema ini linaharibika kwa sababu maji hayatoshi kutoa sumu ya kongosho, na ameleta chupa ya dawa ya kusafisha ini. Tudai arudishiwe dripu? Na je, ni kweli maji ya dripu yaitwayo Ringa lakteti hayafai kwa mwenye ini bovu?

Jibu: Marahaba. Msidai, na chupa hiyo isifike kitandani. Kabla ya mengine, mwambie muuguzi leo hii kwamba mgonjwa anahema usiku. Oksijeni yake ipimwe na mapafu yasikilizwe. Mgonjwa wa kongosho anayevimba miguu na kuhema siku ya nne huenda tayari ana maji mengi kuliko anavyohitaji, na wewe unauliza kama aongezewe.

Siwalaumu. Hili la "kuosha kongosho" nalisikia kila wiki, hata kutoka kwa watu waliosoma. Picha waliyonayo ni ya sufuria iliyoungua: ukimwaga maji mengi, masizi yatatoka. Lakini dripu haipiti ndani ya kongosho kusuuza chochote. Kongosho ikivimba, mishipa midogo ya damu mwili mzima huanza kuvuja, na maji ya kwenye damu huhamia kwenye nyama, tumboni na kifuani. Ongeza hapo kutapika na kutokunywa. Damu hupungua ujazo, huwa nzito, na kongosho yenyewe hukosa damu hadi sehemu yake inaweza kufa. Maji ya saa za mwanzo yanarudisha ujazo huo ili damu ifike inakotakiwa. Ujazo ukisharudi kazi yake imekwisha, na yanayozidi hufuata njia ileile ya kuvuja: mapafuni, tumboni, miguuni.

Sisi madaktari tunabeba sehemu ya lawama. Kwa miaka mingi tulifundishwa kumwaga maji bila kusita kwa mgonjwa wa kongosho, na mimi mwenyewe nimemwaga. Kisha mwaka 2022 jarida la New England Journal of Medicine likachapisha utafiti wa WATERFALL, ulioongozwa na Enrique de-Madaria wa Hispania. Kundi moja lilipewa maji kwa nguvu. Kwa uzito wa kaka yako hiyo ingekuwa mililita 1,400 za kuanzia, kisha 210 kila saa. Kundi la pili lilipewa kwa kiasi: 105 kila saa, na 700 za kuanzia kwa yule tu aliyeonekana kupungukiwa maji. Utafiti ulisimamishwa mapema, wakiwa wamefikia wagonjwa 249, kwa sababu za usalama. Waliozidiwa na maji mwilini walikuwa asilimia 20.5 katika kundi la kwanza na 6.3 katika la pili. Na kongosho je? Ugonjwa ulifikia hatua ya kati au kali kwa asilimia 22.1 ya waliomwagiwa na 17.3 ya waliopewa kwa kiasi, tofauti ambayo kitakwimu haikuwa na uzito. Yaani maji ya ziada hayakuizuia kongosho kuharibika. Yaliwazamisha watu tu.

Kwa hiyo wenzangu hapo wodini hawajamtelekeza kaka yako. Dripu hupunguzwa mgonjwa anapoanza kunywa na kula, na chakula cha mapema ni sehemu ya tiba. Ile desturi ya kuacha tumbo tupu siku nyingi "kongosho ipumzike" imeshapitwa na wakati.

Sasa ini. Angalia tarehe za majibu yako mwenyewe: ALT ilikuwa 310 siku aliyofika, kabla dripu haijapunguzwa wala kuongezwa. Dripu iliyopunguzwa jana haiwezi kuwa imeliumiza ini siku mbili kabla. Kwa mgonjwa wa kongosho, ALT inayopita 150 katika siku mbili za kwanza hutufanya tushuku vijiwe vya nyongo kuliko kitu kingine chochote. Kijiwe huteremka na kukwama pale mrija wa nyongo unapokutana na wa kongosho. Nyongo hurudi nyuma, ini hulalamika ndani ya saa chache. Kijiwe kikishapita kuingia utumbo, namba hushuka. Kutoka 310 hadi 140 ni habari njema, na sijui shemeji yenu anasomaje namba.

Ningeshtuka kama ALT ingegeuka na kupanda tena, bilirubini (rangi ya njano ya nyongo) ikaongezeka kwenye damu, macho yakawa ya njano, au ikaja homa ya kutetemeka. Hapo huenda kijiwe bado kimeziba na nyongo imepata maambukizi. Mgonjwa huyo anahitaji antibiotiki na mrija kuzibuliwa kwa kamera inayopitishwa mdomoni, ikiwezekana ndani ya saa 24. Hakuna dripu inayozibua mrija.

Kukosa maji kunaweza kweli kuumiza ini, hilo shemeji hakukosea kabisa. Lakini hutokea mgonjwa anapokuwa katika mshtuko, shinikizo la damu limeporomoka, na ALT hapo mara nyingi huruka hadi maelfu. Asichokijua ni upande wa pili. Takriban robo tatu ya damu ya ini hufika kwa mshipa mkuu utokao utumbo, na mshipa huo una shinikizo dogo sana. Ukimjaza mgonjwa maji, damu inayotoka kwenye ini hukwama njiani kurudi moyoni na ini huvimba kwa msongamano. Tumbo likijaa maji na kukaza, shinikizo la ndani likapita milimita 20 za zebaki, figo na mapafu huanza kushindwa, na ini nalo hukosa damu. Anayeongeza dripu "kuokoa ini" anaweza kuwa ndiye anayelibana.

Kuhusu Ringa lakteti: jina ndilo linalotisha watu. Lakteti iliyo ndani yake si tindikali; ini huigeuza kuwa bikaboneti, kitu kinachopunguza tindikali ya damu, na ini lenye ALT ya 140 linaiweza kazi hiyo bila shida. Tunasita kwa mgonjwa ambaye ini limeshindwa kabisa, au mwenye kalsiamu nyingi kwenye damu. Maji ya kawaida ya chumvi, ambayo watu huyaona salama kwa kuwa ni "chumvi tu", yana kloridi milimoli 154 kwa lita, wakati damu ina kama 100. Ukiyamwaga kwa wingi, damu huwa na tindikali.

Swali nililotamani uulize ni hili: mfuko wa nyongo utatolewa lini? Kama ugonjwa wake ni wa kiwango chepesi, operesheni ifanyike kabla hajaruhusiwa. Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba waliorudishwa nyumbani kusubiri, asilimia 17 walipatwa tena na matatizo ya vijiwe au kufariki, dhidi ya asilimia 5 ya waliofanyiwa mapema. Ulizeni hilo kwa sauti.

Nimalizie na watu wa aina ya shemeji, maana ndio wanaonikosesha usingizi. Dripu ni dawa na ina dozi. Wodini tunapima mkojo, angalau nusu mililita kwa kila kilo kila saa, tunafuatilia yurea (taka ya damu inayotolewa na figo) na uzito wa damu, tunasikiliza mapafu. Anayekutundikia chupa nyumbani kwa ajili ya "nguvu" au "kutoa sumu" hapimi hata kimoja, na moyo au figo ikishindwa usiku, yeye ameshaondoka na pesa yake.

Na dawa za kusafisha ini! Ini ndilo linalosafisha. Kila unachomeza linabidi likishughulikie lenyewe. Vidonge vya majani ya chai ya kijani yaliyokolezwa, vinavyouzwa kama vitu vya afya, vimewahi kuua maini ya watu hadi wakahitaji kupandikizwa mengine. Chupa ya shemeji sijui ina nini, na nina hakika hata yeye hajui. Kaka yako akiinywa leo, kisha ALT ikapanda siku ya sita, daktari atajikuna kichwa: ni kijiwe au ni chupa? Anaweza kupelekwa kuzibuliwa mrija usioziba, au kuachwa na mrija ulioziba. Kama ameshaonja hata kijiko, mwambieni daktari wa zamu leo, na mpeleke chupa yenyewe wodini pamoja na karatasi yake.