Muulize Shangazi: Chai ya barafu iliyogeuka dawa

*Shangazi, shikamoo. Jumapili nilikuwa na wageni sita, nikaona niwaandalie chai ya barafu ya viungo na matunda. Nilitia vyote kwenye sufuria moja: kikombe cha rozela kavu, mabua matatu ya mchaichai, fungu la nanaa, na chungwa zima nililolikata duara pamoja na ganda lake. Nikachemsha nusu saa ili ikolee. Nikamimina juu ya barafu tele, kisha nikatia sukari. Ilikuwa chungu, halafu hapohapo chapwa, na sukari yote imelala chini ya jagi. Wageni walimaliza kwa adabu tu. Iliyobaki, asubuhi yake ilikuwa na povu na inanuka kuchacha. Nimekosea wapi?*
*Mwenyeji Aliyeaibika*

Marahaba, mwanangu, na pole. Kinywaji kiwe kichungu na chapwa kwa mpigo mmoja si jambo la kila siku.

Uchungu umetoka kwenye chungwa. Ule utando mweupe chini ya ganda, pamoja na mbegu, ukichemshwa hutoa uchungu ambao sukari haiufichi. Harufu nzuri imo kwenye ganda la nje kabisa, lile jembamba lenye rangi. Menya vipande viwili vitatu kwa kisu kikali bila kugusa weupe, hivyo tu vinatosha. Rozela nayo ikipikwa muda mrefu huongeza ukakasi, ule unaoukausha ulimi.

Na nanaa? Harufu yake ni mafuta mepesi yanayopaa na mvuke. Jiko lako lilinukia vizuri sana siku ile, sivyo? Basi hiyo ndiyo nanaa uliyokuwa uinywe. Kilichobaki sufuriani ni ladha ya majani ya kuchemsha.

Mimi huviingiza kwa zamu, kigumu kikitangulia. Nachukua nusu lita ya maji, naweka mabua ya mchaichai niliyoyapondaponda kwa mchi, na tangawizi kidogo kama ipo. Hivyo vinavumilia moto, navichemsha dakika 10. Nazima jiko. Hapo ndipo natia rozela, gramu 30 hivi, pamoja na yale maganda membamba ya chungwa, nafunika dakika 10 nyingine. Nanaa huingia dakika 5 za mwisho, chini ya mfuniko, na usiufunuefunue kuchungulia. Kisha nachuja. Usiyakamue makapi kwa nguvu, yatakurudishia ukakasi uleule uliokuwa unaukimbia.

Utaona nusu lita ni kidogo kwa wageni sita. Ni kidogo kwa makusudi. Barafu ni maji, mwanangu, na ikiyeyuka inadai nafasi yake. Chai unayoona imekolea vizuri ikiwa moto, ukiimwagia barafu inakuwa maji ya kuoshea birika. Kwa hiyo itengeneze kali maradufu, halafu nusu ya pili iwe juisi ya chungwa au nanasi, na barafu. Kwa wageni sita zidisha vipimo vyote mara mbili. Siku nikiwa na subira, chai yenyewe naigandisha kwenye trei ya barafu, nayo ikiyeyuka haipunguzi kitu. Vipande vya embe au nanasi vilivyogandishwa hufanya kazi hiyohiyo, na watoto huvigombania chini ya glasi.

Sukari yako ililala kwa sababu uliitia kwenye baridi, ambako huyeyuka kwa uvivu. Tengeneza shira: sukari kikombe kimoja, maji kikombe kimoja, moto mdogo mpaka iwe angavu, kisha ipoe. Shira huchanganyika hata na maji ya barafu. Ila usipime utamu chai ikiwa moto. Ulimi hauonji utamu wa kitu baridi kama unavyoonja wa kitu moto, ndiyo maana chai uliyoionja jikoni ikakutosha, mezani unaikuta imepwaya. Weka vijiko viwili vya chai juu ya kipande cha barafu, onja hapo, ndipo uamue.

Hukuniambia jagi lililala wapi usiku ule, lakini povu limeshasema. Sukari, vipande vya matunda na joto la mezani, hapo chachu imepata karamu. Chai ikishachujwa ipoze upesi, sufuria ikikaa ndani ya beseni la maji baridi, na iingie kwenye friji kabla ya muda wa saa mbili kupita, friji yenyewe iwe nyuzi 4 au chini ya hapo. Kwenye chupa safi yenye kifuniko naiweka siku tatu, basi. Matunda nayatia saa ya kunywa, na jagi lenye matunda nalimaliza siku hiyohiyo.

Neno la sufuria: tumia ya chuma cha pua au ya enameli. Rozela ina uchachu mkali, na uchachu huo huila alumini. Miaka ya nyuma niliipikia kwenye sufuria ya alumini, nikanywa kinywaji chenye ladha ya kijiko. Na chai ya moto usiimimine kwenye jagi la kioo lililotoka kwenye friji. La kwangu lilipasuka katikati, chai nyekundu ikamwagika mpaka kwenye zulia. Doa lipo hadi leo.

*Shangazi, naweza kuweka mtungi juani mchana kutwa badala ya kutumia jiko?*
*Mpenda Jua*

Usifanye hivyo. Jua huyapasha maji uvuguvugu tu, hayafiki joto la kuua vijidudu vinavyoweza kuwemo kwenye majani makavu, nao uvuguvugu ndio wanaoupenda. Kama hutaki jiko, loweka kwenye maji baridi ndani ya friji kwa muda wa saa 8 hadi 12. Rozela ya namna hii hutoka laini, ina ukakasi kidogo sana.

*Natumia dawa za presha. Rozela inanifaa?*
*Msomaji wa Siku Zote*

Rozela yenyewe inaweza kushusha presha, na juu ya dawa zako huenda ikaishusha kupita kiasi. Muulize daktari wako kabla ya kuifanya kinywaji cha kila siku. Mjamzito naye amuulize wake. Kwa sasa tumia mchaichai, nanaa na nanasi, na rangi itakuwa ya dhahabu badala ya nyekundu.